Kimya cha Aulizwaye: Uhakiki wa Njia za Elimu ya Nafsi katika Nchi ya Iringa na Mbeya

Katika vyuo vya ualimu mwanafunzi hupewa mapema kitabu cha utangulizi wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi. Kitabu hicho humwonyesha kwanza mitazamo mikubwa ya wataalamu, kisha humfundisha njia wanazotumia katika uchunguzi wao: kutazama, kuuliza, kupima, kufanya jaribio, na kufuata habari za mtu mmoja kwa muda mrefu. Mwanafunzi huyakariri hayo, hufanya mtihani wake, kisha hutumwa shuleni. Huko hana maabara wala vyombo vya kupimia. Ana watoto wengi mbele yake na daftari ya mahudhurio mkononi. Wala hapati tena nafasi ya kuuliza kama njia zile alizozikariri zawafaa watu aliopewa awafundishe. Swali hilo twataka kuliuliza hapa. Wala hatuna haja ya kwenda mbali kulitafutia jibu, maana wataalamu wa mambo haya wamekwisha kufika Rungwe na Iringa, na vitabu vyao vipo. Twaweza kuvisoma na kuvipima kwa yale tuyajuayo wenyewe.

Kabla ya kuwahakiki wengine hatuna budi kukiri kosa letu. Miaka mingi imepita tangu tulipofundisha katika shule moja ambayo watoto wake kadha walitoka bonde la mto Ruaha. Siku moja alikuja mgeni kuikagua shule, nasi tukamsimamisha mvulana mmoja, mwana wa mfugaji, tukamwuliza hesabu ya mtu aliyeuza mbuzi watatu, akalipa deni, akanunua chumvi kwa fedha iliyosalia. Mvulana aliinamisha kichwa, akachora mchanga kwa kidole cha mguu, asiseme neno. Tulimwuliza mara tatu. Jioni ile tuliandika katika karatasi yake kwamba akili yake ni nzito. Mwaka uliofuata baba yake alimwondoa shuleni, akamrudisha kwenye ng'ombe. Maana, alisema, mwalimu mwenyewe ameandika.

Baadaye tulimkuta kijana yule mnadani. Alikuwa akifanya biashara na wanunuzi wanne kwa wakati mmoja, kila mmoja ana bei yake na deni lake, naye hakuandika popote wala hakukosea. Alitusalimu kwa adabu, tukamwuliza kwa nini siku ile hakujibu. Akasema, "Mwalimu, jibu ulikuwa unalijua. Nikafikiri wanitaka nichekwe mbele ya mgeni." Neno hilo limekaa nasi tangu siku ile, na kwa neno hilo twaipima elimu ya nafsi katika makala haya.

Elimu hii, kwa jinsi ifundishwavyo sasa, huhesabiwa kuwa ilianza mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake katika mji wa Leipzig, Ujerumani. Tangu hapo imegawanyika katika mitazamo mingi, na kila mtazamo ungemtazama mvulana wetu kwa namna yake. Wale wachunguzao mwili na ubongo wangeuliza kama alikula asubuhi, kama ana homa ya malaria, kama masikio yake yasikia vema. Wafuasi wa John Watson, ambaye mwaka 1913 alifundisha kwamba yatupasa kuchunguza matendo yaonekanayo tu, wangeuliza alipata nini siku zilizopita kila alipojibu: sifa, au kicheko, au fimbo. Wafuasi wa Sigmund Freud wa Vienna wangetafuta hofu iliyofichika, ambayo mtoto mwenyewe haijui. Wale wachunguzao fikra, kama Jean Piaget wa Uswisi, wangeuliza amelielewaje swali lenyewe. Carl Rogers na wenzake wa Marekani wangeuliza kama mtoto alijiona kuwa mtu mwenye thamani mbele ya mwalimu wake. Nao wanaomfuata Lev Vygotsky wa Urusi wangeuliza jambo jingine: nyumbani kwao ni nani amwulizaye mwenzake, na kwa sababu gani?

Hatusemi kwamba mmoja wao ana haki na wengine wamepotoka. Twasema kwamba siku ile sisi hatukuuliza hata swali moja katika hayo. Tuliona kimya, tukakiita uzito wa akili. Tulikuwa tumekariri mitazamo yote, wala haikutusaidia, kwa sababu tulifundishwa kuitaja, hatukufundishwa kuitumia.

Tena kitabu cha utangulizi chenyewe kina upungufu ambao mwanafunzi haambiwi. Husema "mtoto hufanya hivi", "mtu hukumbuka hivi", kana kwamba amechunguzwa kila mtoto na kila mtu. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett wa Marekani aliyachunguza majarida makubwa ya elimu hii, na mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake wawili wakaendeleza hoja yake. Walionyesha kwamba kama 96 katika kila 100 ya watu waliochunguzwa walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, hali nchi hizo zina kama 12 tu katika kila 100 ya watu wa dunia. Basi kitabu kisemacho "mtu" mara nyingi kina maana ya mwanafunzi wa chuo kikuu cha Marekani. Pengine alivyo yeye ndivyo alivyo na mtu wa Mufindi, pengine sivyo. Haiwezekani kulijua hilo bila kwenda Mufindi.

Sasa na tuwatazame waliokuja. Wa kwanza ni Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa kwa Wanyakyusa wa Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938. Njia yao ilikuwa kukaa na watu, kujifunza lugha yao, kusikiliza mazungumzo na kuandika yasemwayo, wakisaidiwa na wenyeji, kama Leonard Mwaisumo. Godfrey alikufa mwaka 1944. Monica akaendelea, na mwaka 1951 akatoa kitabu Good Company. Humo ameeleza habari ya vijiji vya marika. Siku zile mvulana wa Kinyakyusa alipokuwa na umri wa miaka kama 10 au 11, aliacha kulala nyumbani kwa baba yake, akajenga kibanda pamoja na wa rika lake pembeni mwa kijiji, ingawa chakula aliendelea kula kwa mama, yeye na rafiki zake. Walipokua na kuoa, kibanda kikawa kijiji.

Monica Wilson alisikia neno moja likirudiwa mara kwa mara, ukwangala, maana yake kukaa pamoja kwa furaha na wenzi, kula na kunywa na kuzungumza. Tena aliambiwa kwamba mtu hupata amahala, yaani busara, katika mazungumzo hayo ya wa rika moja. Mwalimu na aliangalie neno hili. Kwa Mnyakyusa wa siku zile akili ilipatikana kati ya watu waliolingana. Lakini mtihani wa shule humtenga mtoto na wenziwe, humkataza kunena nao, kisha humwuliza mbele ya mkubwa. Akisaidiwa na rafiki yake, twamwita mwizi. Hatusemi mitihani ifutwe. Twasema kwamba mtihani hupima sehemu moja ya akili, nayo huenda isiwe ile ambayo wazazi wake mtoto waliihesabu kuwa akili.

Twausifu uchunguzi wa Rungwe, kwa kuwa jambo kama hili halikuweza kupatikana kwa karatasi ya maswali. Nani angeuliza habari ya ukwangala kabla hajalisikia neno lenyewe? Lakini njia hii nayo ina upungufu. Akaaye kijijini huona aliyokaribishwa ayaone, na husikia zaidi wale wapendao kusema naye. Tena akisema "Wanyakyusa huwaza hivi", hatujui kama ni watu tisa katika kumi au wanne katika kumi. Jicho laona sana, ila halihesabu.

Kuhesabu ndiko alikokutaka Robert Edgerton. Katika miaka ya 1961 na 1962 jamii ya wataalamu walioongozwa na Walter Goldschmidt wa chuo kikuu cha California walikuja Afrika ya Mashariki kuchunguza makabila manne: Wahehe wa Iringa, Wakamba na Wapokot wa Kenya, na Wasebei wa Uganda. Katika kila kabila walichagua mahali pawili, pamoja pa wakulima na pamoja pa wafugaji. Kwa Wahehe pakawa Ngelewala na Pawaga. Swali lao lilikuwa jema na la wazi: je, tabia ya mtu yatokana zaidi na kabila lake au na kazi impayo chakula? Edgerton aliwauliza watu wapatao 500, wote maswali yaleyale, akawaonyesha picha zilezile, na pia yale madoa ya wino yaliyobuniwa na Hermann Rorschach wa Uswisi mwaka 1921, ambayo mtu huambiwa aseme aonacho ndani yake. Kitabu chake, The Individual in Cultural Adaptation, kilitoka mwaka 1971.

Kazi hii ina sifa ambazo hatuwezi kuzinyima. Kwa kuwa wote waliulizwa mambo yaleyale, twaweza kulinganisha. Edgerton aliona kwamba kabila lilikuwa na nguvu zaidi kuliko kazi, lakini kazi nayo iliacha alama yake: wafugaji walisema wazi mapenzi yao na hasira zao, wakulima walizuia maneno na kuzungukazunguka. Sababu aliyoieleza yaingia akilini. Mfugaji akigombana na jirani aweza kuhamisha ng'ombe zake; mkulima hawezi kulihamisha shamba, basi humeza hasira na kuendelea kusalimiana. Tena mwaka 1966 alikuwa amekwisha kuandika habari za wazimu kama zilivyoelezwa na watu wa makabila hayo manne. Dalili walizozitaja zilifanana sana, kama kutembea uchi na kusema maneno yasiyo na maana. Walitofautiana katika sababu. Wapokot na Wasebei walitaja mdudu katika ubongo, Wahehe na Wakamba walitaja uchawi. Na hao wa pili ndio waliokuwa na matumaini zaidi ya mgonjwa kupona. Mchungaji au mwalimu aitwaye usiku kwenye nyumba ya mgonjwa wa namna hii hufaidika kuyajua hayo.

Lakini Edgerton alisema pia kwamba Wahehe ni watu wa siri na wa kutoaminiana, tena wenye kuwajali sana wenye mamlaka. Hapa twasimama naye. Twauliza: siri ile ilikuwa katika tabia ya Wahehe, au ilizaliwa saa ileile mgeni alipofungua daftari lake?

Wahehe walikuwa na sababu zao. Tarehe 17 Agosti 1891 waliwashinda askari wa Kijerumani pale Lugalo. Mwaka 1894 ngome ya Kalenga ikatekwa. Na tangu hapo mpaka mwaka 1898 Mtwa Mkwawa aliishi akifichwa na watu wake, huku rupia 5,000 zikiahidiwa kwa atakayeleta kichwa chake. Kwa miaka ile neno moja kwa mgeni lilikuwa na bei, na ukimya ulikuwa uaminifu. Alipojiua ili asikamatwe, kichwa chake kilichukuliwa, na fuvu halikurudishwa ila mwaka 1954, kutoka makumbusho ya Bremen. Wazee waliokaa mbele ya maswali ya Edgerton yapata miaka saba baadaye walikuwa wamesikia habari hizo tangu utoto, na pengine walikwenda Kalenga wenyewe kulipokea fuvu.

Tena haikuwa mara yao ya kwanza kuulizwa. Kabla ya hapo G. Gordon Brown, mtu wa elimu ya desturi za watu, na A. McD. Bruce Hutt, mtawala wa serikali, walifanya kazi pamoja wilayani Iringa, wakatoa kitabu mwaka 1935. Mpango wao ulikuwa huu, kwamba mtawala aulize ahitajilo kwa utawala wake, na mwanaelimu atafute jibu kwa watu. Walikuwa waaminifu kulisema hilo waziwazi, nasi twawashukuru. Lakini mtu wa kijijini alijifunza nini? Kwamba maswali hutangulia, na amri hufuata, za kodi au za ardhi. Akija mgeni mwingine mwenye maswali, katika wakati uleule nchi ilipokuwa ikipata uhuru wala hakuna aliyejua kesho itakuwaje, mtu mwenye busara atajibu machache.

Basi kimya hiki ni tabia, au ni historia, au ni adabu kwa mgeni ambaye hakusema sababu ya kuuliza? Hesabu ya majibu haiwezi kutuambia, kwa maana hesabu hupokea alichosema mtu tu, haimwulizi kwa nini hakusema zaidi. Na madoa ya wino ndiyo yenye shaka zaidi. Mtu akionyeshwa doa na kuulizwa aonacho, lazima aamue kwanza muulizaji ataka nini. Mhehe aliyefikiri kwamba anatahiniwa, na Mhehe aliyefikiri kwamba anachezewa, watajibu mbalimbali, wala si kwa sababu nafsi zao ni mbalimbali. Kijana wetu wa mnadani angalilifahamu jambo hili upesi kuliko sisi.

Hatari ya kusahau hayo ilionekana Kenya. J. C. Carothers, daktari aliyeisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, alitoa mwaka 1953 kitabu juu ya akili ya Mwafrika, nacho kilichapishwa na Shirika la Afya la Dunia. Humo alilinganisha akili ya Mwafrika na ile ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Aliowajua zaidi ni wagonjwa na wafungwa; aliowahukumu ni watu wa bara zima. Kosa hili haliko mbali na letu, ila kwa ukubwa. Yeye aliruka kutoka hospitali moja mpaka bara. Sisi tuliruka kutoka asubuhi moja mpaka maisha ya mtoto.

Upande wa pili kuna kazi mbili ambazo twazitaja kwa furaha. Ya kwanza ni ya Mary Ainsworth, aliyekaa Uganda mwaka 1954 na 1955. Aliwatembelea majumbani akina mama wa Kiganda katika familia 26, akarudi tena na tena kwa miezi kadha, akimtazama mtoto mchanga jinsi amwendeavyo mama yake, aliapo na anyamazapo. Aliyoyaona huko yakawa msingi wa mafundisho ambayo leo yamo katika kila kitabu cha utangulizi, juu ya mtoto na yule anayemtegemea. Hakuyapata kwa ziara moja, wala hakumhamisha mtoto kutoka kwao.

Ya pili ilifanywa Bagamoyo na Robert Sternberg na wenzake, Watanzania miongoni mwao, ikatolewa mwaka 2002. Waliwapima watoto wa shule za msingi kwa mtihani wa akili, kisha wakawafundisha kwa muda mfupi, usiofika saa moja, namna ya kufikiri juu ya maswali ya namna ile, wakawapima tena. Kundi jingine lilipimwa mara mbili bila mafundisho. Watoto waliofundishwa waliongeza alama kuliko wale wengine, tena wale waliotangulia mara ya kwanza si wote waliotangulia mara ya pili. Maana yake ni nini? Ni kwamba kipimo cha kwanza kilipima kwa sehemu kama mtoto ameizoea desturi ya kupimwa. Hili ndilo jaribio kwa maana yake halisi: makundi mawili, jambo moja limebadilishwa, matokeo yamelinganishwa. Na somo lake, lingalitoka pwani, lafaa Njombe na Tukuyu pia.

Tukikusanya yote, twaona kwamba hakuna njia itoshayo peke yake. Kukaa na watu hutupa neno ambalo hatukujua kuliuliza. Maswali yaliyo sawa kwa wote hutupa hesabu. Jaribio hutupa sababu. Na kumfuata mmoja kwa muda mrefu hutulinda tusihukumu haraka. Lakini juu ya zote kuna jambo ambalo vitabu vya utangulizi hulitaja kwa haraka mno: aulizaye naye yumo ndani ya jibu. Umri wake, lugha yake, cheo chake, na watu waliosimama karibu, vyote vimo. Mtaalamu asiyeandika mambo hayo pamoja na majibu ameandika nusu ya habari.

Kwa sisi walimu na wachungaji yatupasa basi kufanya haya. Tumsalimu mtu kwanza kama desturi ya kwao ilivyo, kamwene kwa Wahehe na Wabena, ugonile kwa Wanyakyusa, kisha tumwambie kwa nini twauliza. Pengine tumwulize mtoto jambo ambalo sisi hatulijui kweli, kama njia ya malisho au bei ya mbuzi, maana hapo husema kama mtu, wala si kama mtahiniwa. Tumsikie pia kati ya wenzi wake, si mbele ya mgeni tu. Tusiandike neno juu ya akili yake kwa siku moja na kwa njia moja. Naye akinyamaza, na tuandike kwamba alinyamaza, na nani alikuwapo, na swali liliulizwa kwa lugha gani; tusiandike sababu tusiyoijua.

Wahenga walisema, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kijana yule wa Ruaha sasa ana watoto, na mmoja wao yumo shuleni. Baba yake alipomleta alituomba neno moja tu, kwamba tusimwulize kitu mbele ya wageni mpaka atuzoee. Tulimpa ahadi hiyo, nasi tumeishika.